Naomba ushauri: muvi za kutisha za Uingereza za bajeti ndogo

Wakuu habari zenu, jana usiku nimemaliza bando langu lote kwa muvi moja ya kutisha ya Uingereza, bajeti ndogo, stori nzuri kabisa, nyumba ya zamani huko kijijini, waigizaji wanajitahidi, lakini dairekta kaniangusha vibaya sana. Mzimu anauonyesha wote mapemaa, kamera inatikisika hovyo, muziki unapiga kelele kabla hata jambo halijatokea yani huogopi chochote, na roho imeniuma maana yule dada steringi kaigiza kwa moyo wote.

Na hela sio sababu. Host ya 2020 Rob Savage kaishuti kipindi cha korona kila muigizaji yuko kwake, haifiki hata saa moja, siku ile nililala na taa inawaka. The Descent ya 2005 ya Neil Marshall mapango yale yalijengwa studio pale Pinewood ila mle ndani ni giza na tochi tu, viumbe wenyewe unasubiri mpaka uwaone.

Sasa naombeni mnisaidie, kuna nyingine za Waingereza za hela ndogo zilizoongozwa vizuri hivyo? Na nyie mnajuaje mapema, trela inatosha au mnacheki kwanza kazi za nyuma za dairekta?