Kigutu kinamtesa bro: kuzika neva, RPNI au TMR?

Mwanambagala: Wakuu, bro wangu alikatwa mguu baada ya ajali ya boda. Kidonda kimepona ila maumivu hayaishi, mguu bandia uko uvunguni, akiuvaa tu anapiga kelele. Daktari katupa njia tatu za upasuaji wa neva, kukata neva na kuizika ndani ya msuli, RPNI (ncha ya neva inafungiwa kipande cha msuli) au TMR (neva inaungwa na neva ya msuli wa jirani). Jibu wiki ijayo. Tuchague ipi?

nesi_wa_zamu: Taarifa nusunusu hizo. Juu ya goti au chini? Muda gani umepita? Kinachouma ni kigutu au vidole ambavyo havipo? Akiguswa sehemu moja anaruka kama kapigwa shoti? Walishamchoma ganzi hapo wakaona kama maumivu yanakata?

Mkongwe wa Magongo: TMR, hakuna mjadala. Neva ikikatwa inaendelea kuota, ikikosa pa kwenda inajisokota kifundo, ndo nyuroma. Kwenye TMR neva inaungwa na katawi ka neva kanakoendesha msuli wa jirani, inapata kazi. Kina Kuiken na Dumanian kule Chicago waliianza ili mtu aendeshe mkono bandia, kumbe na maumivu yanapungua.

fundi_soli: Utafiti wao wa 2019 ulikuwa na wagonjwa 28, hao si wanaenea kwenye Hiace moja? RPNI ya Cederna wa Michigan nyepesi, kipande cha msuli kinafungiwa ncha ya neva kama sambusa, basi.

Mama Zai: Mimi nilizikiwa neva, ya mkono. Miezi sita raha kabisa nikaanza na kufua, halafu usiku mmoja shuka tu limenigusa nikalia mpaka jirani akagonga mlango, kurudi hospitali (siitaji) naambiwa neva imezikwa palepale mkono bandia unapokandamiza, na shamba nilishauza

Mkongwe wa Magongo: Si nilisema

babu_kijiweni: Kwetu wanasema mguu ulizikwa umekunjwa. Ufukuliwe unyooshwe

nesi_wa_zamu: Babu tafadhali.

babu_kijiweni: Shemeji yangu alipona hivyo, wewe soma vitabu vyako

fundi_soli: Alipona au alikunywa amitriptilini (dawa ya maumivu ya neva) kimyakimya 😂

Mwanambagala: Samahani nilikuwa kazini. Chini ya goti, miezi tisa. Anaruka ukigusa pembeni. Sindano bado.

nesi_wa_zamu: Sasa mnachagua upasuaji na hamjui kama ni nyuroma? Aombe sindano na ultrasaundi kwanza. Na soketi (sehemu ya mguu bandia inayovaa kigutu) ipimwe, kigutu huwa kinapungua.

Mkongwe wa Magongo: Ikithibitika, TMR.

jirani_wa_Temeke: Huo mguu wa uvunguni ni wa kulia au kushoto?