Sweta la sufu lililofumwa kwa mkono limerudi baada ya kufuliwa kwa mashine: je, linaokoleka?

Mjuto wa Jumamosi

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijaongeza kosa juu ya kosa. Dada yangu mkubwa alinifumia sweta la sufu tupu la rangi ya udongo, lenye misuko mitatu ya kamba kifuani na kola ya kukunja, kazi iliyomla jioni za miezi minne, na kwa miaka miwili nimekuwa nikilifua mwenyewe kwa mkono. Juzi lilijiviringisha ndani ya shuka kwenye kapu la nguo chafu, likaingia mashineni pamoja na mataulo, kwa maji ya nyuzijoto 60 na sabuni ya unga ya kawaida. Nilipofungua mlango nilidhani nimeshika nguo ya mtoto.

Nimelipima. Mzunguko wa kifua ulikuwa sentimita 104, sasa ni 84. Urefu kutoka begani hadi pindoni umeshuka kutoka 66 hadi 52. Na mikono, iliyokuwa ikifika kwenye kifundo, sasa inaishia chini kidogo ya kiwiko. Je, kuna namna ya kulirudisha katika kipimo chake? Dada bado hajui, nami sijui nianzie wapi kumweleza.

Sindano Mbili

Pole sana. Kabla hujaloweka chochote, tambua kwanza ni jambo gani lililotokea, kwa sababu tunasema nguo "imerudi" kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni pale vitanzi vilivyokuwa vimevutwa wakati wa kufuma vinapolegea majini na kujikusanya. Nguo za pamba hurudi kwa namna hiyo zaidi, na kwa kiasi kikubwa huweza kuvutwa tena. La pili huipata sufu, nalo ni zito zaidi. Unywele wa sufu umevikwa magamba madogo yanayopandana kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Ukilowa, ukapata joto na kusuguliwa, unywele hutambaa upande mmoja tu, kama ile mbegu ya nyasi inayopanda kwenye pindo la suruali na kukataa kushuka. Nywele maelfu zikitambaa hivyo ndani ya mashine inayozunguka, hushikana na kuwa kitambaa kimoja, na hakuna dawa ya kuzifungua.

Lipeleke sweta dirishani, ulitanue kwa mikono miwili, kisha uchukue sindano butu ya kushonea sufu. Mahali unapoona kitanzi kimoja kimoja, mwanga unapita na sindano inapenya kati ya nyuzi bila kulazimishwa, pana tumaini. Mahali penye vinyweleo vilivyofunika vitanzi, pagumu kama blanketi zito, usipateseke napo. Tuambie ulichokiona, sehemu kwa sehemu.

Mjuto wa Jumamosi

Nimefanya hivyo, na nimeshangaa kuona kwamba halikuharibika sawasawa. Mgongoni na chini ya kifua vitanzi vinaonekana na sindano inapita, ingawa kwa shida kidogo. Mikono na makwapa hayapitishi hata nuru. Misuko ya kifuani imezama, inaonekana kama michirizi tu.

Beseni la Bluu

Kwa mgongo na kifua, fanya hivi. Jaza beseni maji ya vuguvugu, takriban nyuzijoto 30, yaani maji ambayo mkono wako hausemi kuwa ni ya moto wala ya baridi. Kwa kila lita 5 koroga vijiko viwili vya chakula vya kondishena ya nywele hadi iyeyuke kabisa. Sufu na nywele za kichwani zimeumbwa kwa protini ya aina moja, keratini, ndiyo maana kondishena hufanya kazi hapa: haifungui yaliyoshikana, bali huzipa nyuzi utelezi ili zile ambazo bado ziko huru ziweze kusogea. Liloweke kwa nusu saa bila kulisugua.

Ukilitoa, libebe kwa mikono yote miwili kutoka chini, kwa sababu sufu iliyolowa ni dhaifu kuliko kavu na uzito wa maji pekee unaweza kuivuta vibaya. Usilikamue. Liviringishe ndani ya taulo kavu, ulikanyage taratibu, kisha ulitandaze juu ya taulo jingine na uanze kulivuta kidogo kidogo, upana kwanza kisha urefu, ukishika eneo kubwa kwa viganja badala ya kubana ukingo kwa vidole, maana ukingo ukivutwa peke yake hutoka mawimbi. Libane kwa pini zisizoshika kutu, urudi kila baada ya dakika 20 kuzisogeza nusu sentimita. Likikauka, rudia kesho. Usilianike kwenye kamba hata kidogo.

Mzee wa Siki

Mimi nilisikia kwamba ukilichemsha kwenye maji yenye siki linarudi kama lilivyokuwa.

Sindano Mbili

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo tutapoteza hata huo mgongo. Kijiko cha siki katika maji ya mwisho ya kusuuzia kina maana yake, kwani sabuni nyingi za unga zina alkali na sufu haiipendi. Lakini kuchemsha ni kurudia kile kile kilichotuleta hapa. Niongeze na hili kwa ndugu yetu: sabuni nyingi za kufulia zina vimeng'enya vilivyowekwa ili kula madoa ya damu, maziwa na jasho, na vimeng'enya vya protini havibagui kati ya doa na sufu. Lisuuze vizuri kwanza, vinginevyo utakuwa unaloweka sweta katika mabaki ya sabuni ile ile.

Mjuto wa Jumamosi

Narudi baada ya siku nne na mizunguko mitatu ya beseni. Kifua kimefika sentimita 95 na urefu 59, kisha vikagoma. Misuko imeinuka kidogo. Mikono haijaongezeka hata sentimita moja. Sasa linanivalika, lakini linanibana makwapani kiasi kwamba siwezi kuinua mkono kufikia rafu.

Sindano Mbili

Hicho ndicho ulichokuwa nacho cha kupata; ukiendelea kuvuta utakata nyuzi. Lakini sufu iliyoshikana ina faida moja ambayo sisi wafumaji huitamani: ukiikata haifumuki. Mikono hiyo inaweza kupasuliwa kwa mkasi kwenye mshono wa chini, kuanzia pindoni, kupita kwapani, hadi ubavuni, kisha ukaingizwa ukanda mrefu uliofumwa upya, mpana kwapani na mwembamba miishoni. Urefu wa mikono utamalizwa kwa kuokota vitanzi vipya pindoni na kuteremsha pindo refu zaidi. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua mkazo wa mkono uliolifuma, na inahitaji uzi ule ule. Mfumaji makini huwa hatupi mabaki, kwa hiyo mpigie dada yako.

Mjuto wa Jumamosi

Nimempigia. Alinyamaza kidogo, akaniuliza nyuzijoto ngapi, nilipomtajia akaguna. Ana mabonge mawili ya uzi ule ule, ila anahofia yatakuwa yamekolea rangi kuliko sweta lililokwisha kufuliwa mara nyingi, hivyo ameamua ukanda wa kwapani uwe wa kijivu waziwazi badala ya kujifanya haupo. Ameniagiza nimpelekee kipimo cha kwapa, nililoweke sweta mara moja ya mwisho, na nisiguse mkasi mpaka afike yeye.