Nimepigwa laki na themanini: jeki inang'aa nje, ndani uozo ule ule

Wakuu, salamu zangu leo ni fupi maana nikianza kwa adabu nitasahau kilichonileta. Kuna fundi hapa Dar amenila shilingi 180,000 kwa kazi ya jeki, na nusura aniulie kijana wa watu. Dogo mwenyewe yupo hapa pembeni anakula chipsi mayai, mzima, Mungu ashukuriwe. Hasira ndiyo haijashuka.

Ni jeki ya magurudumu, ile ndefu ya gereji unayoisukuma chini ya gari halafu unapampu kwa mpini. Tani 3. Mzee wangu aliinunua mtumba mwaka 1994, na hata wakati huo ilishakula chumvi. Si hizi za bati za siku hizi ambazo mtoto anabeba kwa mkono mmoja. Hii kuipandisha kwenye kirikuu mnatakiwa wawili, na wa tatu wa kuwatukana. Imenyanyua Land Rover, Hiace, pikapu za kila aina. Mwaka jana ikaanza kuvuja, ukiiacha na gari usiku, asubuhi unakuta imelala. Rangi yake ya asili hakuna anayeikumbuka, mimi nasema bluu, mama anasema kijani.

Ningeweza kuifungua mwenyewe, na hapa najilaumu. Kazi zilikuwa nyingi, nikamwona huyu bwana mtandaoni na picha zake za "kabla na baada": kompresa, vaisi, jeki, vyote vimetoka kwake kama vimetoka kiwandani jana. Nikampigia. Tukakubaliana, na nikamwandikia kwa ujumbe ili maneno yasije yakapotea: afungue kila kitu, abadilishe sili zote (vile vipete vya mpira vinavyozuia oili isivuje), asafishe ndani aweke oili mpya, KISHA apige rangi. Nusu ya hela nikamtumia kwenye simu siku hiyo hiyo. Najua, najua. Msinikumbushe.

Wiki mbili zikawa saba. Umeme umekatika. Kijana wa rangi amefiwa. Njoo kesho. Mvua. La mvua nilimwelewa kabisa, maana masika ya huku ukipuliza rangi hewa ikiwa na unyevu inakaa na ukungu mweupe kama mtu hajapaka mafuta. Nikajisemea afadhali, huyu anajali kazi. Kumbe.

Ilipokuja, wakuu, nilitabasamu mwenyewe kama mjinga. Nyekundu ya gari la zimamoto, mpini mweusi tii. Nikamalizia hela iliyobaki hata bila kuipampu. Usiku ule ikalala gereji kwangu.

Jumamosi tukaleta Noah ya mteja, kazi ya pedi za breki za mbele. Tukanyanyua, dogo akatoa tairi, mimi nikageuka kufuata stendi za chuma ukutani, hatua kama sita. Jeki mbovu haipigi kelele. Nilichosikia ni dogo anasema "kaka, hili gari linakuja." Bega lake lilikuwa ndani ya madigadi. Nilipiga ukelele ambao majirani wameniuliza mpaka leo. Alitoka. Gari likashuka taratibu, kwa heshima zote, likatua juu ya tairi tulilolitoa, kwa sababu mzee alitufundisha kwamba tairi likitoka halisimamishwi ukutani, linalazwa chini ya ubavu wa gari. Bila tairi lile leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Baada ya mteja kuondoka nikaifungua. Sasa nisikilizeni.

Cha kwanza nilichokiona kabla hata ya spana ni rangi chini ya pampu, imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Sehemu ile ile iliyokuwa inavuja. Oili ya haidroliki, yaani oili ya jeki, haili rangi iliyokauka kiasi hicho. Kinachokula rangi ni mafuta ya breki. Nikachukua chupa ya plastiki, nikatia maji nusu, nikadondoshea yale mafuta, nikatikisa. Yakachanganyika yakapotea. Oili ya kweli ingeelea juu ya maji. Huyu bwana ametia mafuta ya breki kwenye jeki!

Kwa wasiojua ubaya wake: sili za jeki nyingi ni za mpira unaopatana na oili ya madini. Mafuta ya breki yakiingia, mpira ule unavimba, unalainika, unakuwa kama jojo. Na ukifanya kinyume, ukatia oili ya madini kwenye mfumo wa breki za gari, mpira wa huko nao unaharibika hivyo hivyo. Ni vitu viwili vinavyofanana kwenye kopo na havielewani kabisa. Fundi wa miaka hajui hili?

Sili zenyewe sasa. Amebadilisha MOJA. Ile ya nje kabisa, ya kuzuia vumbi, inayoonekana ukiinama. Ya pistoni kubwa ni ile ile ya mzee, ngumu kama kucha, ina mkato nikaingiza ncha ya kisu. Ya pistoni ya pampu ameitoa akairudisha mdomo ukitazama nje. Sili ya namna hii ina mdomo kama kikombe, na mdomo lazima utazame upande presha inakotoka, ili presha yenyewe iubane ukutani. Ukigeuza, oili inapita kama imefunguliwa mlango. Halafu mwenzangu anashangaa haishiki!

Rangi amepuliza jeki ikiwa nzima, haijafunguliwa hata bolti moja ya fremu. Najua kwa sababu chini ya rangi kuna grisi ya zamani iliyochanganyika na mchanga, nimeibandua kwa ukucha ikatoka pamoja na rangi kama ganda la yai. Hakuna praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia. Hakuna msasa. Nipo za grisi, vile vichuchu vya kuingizia grisi, zimezibwa na rangi. Gurudumu moja la nyuma limegandishwa na rangi halizunguki. Na fimbo ya kunyanyulia, ile inayong'aa inayoingia na kutoka kwenye sili, ameipuliza rangi nayo! Ikaingia mara mbili tatu, rangi ikakwanguka, vipande vikaenda ndani. Nimevikuta vimekaa juu ya gololi.

Gololi ndiyo roho ya jeki. Kwangu pistoni ya pampu ni milimita 12, ya kunyanyulia ni 36. Mara tatu kwa upana, kwa hiyo mara tisa kwa eneo, na nguvu inazidi mara tisa hivyo hivyo, bado hujahesabu urefu wa mpini. Mzigo wote huo unazuiwa usirudi na kijigololi kidogo kuliko punje ya hindi kilichokaa kwenye tundu lake. Chembe moja ya rangi ikikaa katikati, Noah inashuka.

La mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Kuna valvu ya usalama, ina springi na skrubu, imewekwa kiwandani ili ukizidisha mzigo oili irudi kwenye tangi na jeki igome. Skrubu ile ilikazwa mpaka mwisho. Yaani aliona jeki inashuka, hakutafuta kwa nini, akakaza kila kinachokazika, akapuliza rangi.

Nikampigia. Nanukuu: "Bosi, lakini si inang'aa?"

Nikamwambia sili. Akasema sili hazionekani bosi, mteja anaangalia kazi. Nikakata simu maana pale ningesema maneno ambayo mama asingependa kuyasikia.

NYONGEZA, kwa wanaoniuliza nimeifanyaje:

Nimeirudia mwenyewe kwa jioni nne. Nilienda mtaa wa Gerezani hapa Dar, kwenye spea, na sili za zamani mfukoni, muuzaji akazipima kwa kalipa moja moja, seti nzima na oringi zake shilingi 27,000. Oili ya haidroliki namba 32, lita moja. Kila kitu kimeoshwa kwa dizeli, kikapulizwa kwa kompresa. Vitako vya gololi, pale zinapokaa, vilikuwa na kutu kidogo, nikaweka gololi, nikaigonga MARA MOJA kwa fimbo ya shaba ili itengeneze kitako chake, nikaitupa ile nikaweka mpya. Sili zote nilizipaka oili kwanza, hazipiti zikiwa kavu, zinachanika. Oili unatia pistoni ikiwa imeingia yote, mpaka karibu na tundu, huijazi mpaka juu. Kisha unafungua valvu ya kushusha, unapampu mpini haraka mara kumi na tano hivi upepo utoke. Valvu ya usalama nimeirudisha kwa kujaribu na mzigo kidogo kidogo, na hapo sishauri mtu asiyejua aguse.

Rangi nimeikwangua yote. Chuma kitupu, praima nyekundu ya kutu, kisha rangi mara mbili, nyepesi. Fimbo nimeifunga kwa gundi ya karatasi isipate rangi. Safari hii ni bluu, mama ameshinda akilalamika.

Juzi saa nne usiku niliinyanyua Noah yangu, stendi zikiwa chini kwa tahadhari lakini hazijagusa, nikapima kwa futi kutoka sakafuni mpaka kwenye kikombe cha jeki: sentimita 38. Saa kumi na mbili asubuhi, 38.

Mkuu mmoja ameniambia nimtaje huyo fundi. Sitamtaja, sitaki kesi. Nilidai anirudishie hela ya sili tu, rangi nimwachie, kanipiga bloku. Leo mchana shemeji yangu ananitumia picha kutoka ukurasa wake: jeki yangu, nyekundu, imepigwa na jua, ameandika "kazi imekamilika, mteja ameridhika". Chini yake kuna mtu anauliza bei.