CD4 imetoweka kwenye wengu wa panya, ninunue kingamwili nyingine?

Mwani_Paje: Assalaam alaykum. Niko Unguja, nachambua mafaili ya flosaitometria (mashine inayohesabu seli zilizotiwa kingamwili zenye rangi) ya seli za wengu wa panya aina ya C57BL/6. CD3, alama ya seli T zote, ni 22%; katika aina zake mbili kuu CD8 ni 11%, lakini CD4 ni 0.1% tu! Kingamwili ya CD4 niliyotumiwa ni ya kloni GK1.5. Imeharibika? Ripoti inatakiwa Jumatatu.

Mkarafuu: Waalaykum salaam. Anza na seli mfu, maana hunata kila kingamwili. Ziba vipokezi vya Fc (hunasa mkia wa kingamwili yoyote) kwa kingamwili ya 2.4G2, dakika 10 kwenye barafu, ndipo utie kingamwili za rangi, na mwisho DAPI, rangi inayoonyesha seli mfu. Kwa seli milioni 1 anza na mikrogramu 0.2, halafu punguza nusu kwa nusu uone inapofifia. Watu wanamwaga kingamwili ovyo, na ni ghali.

Bi_Kizimkazi: Mkarafuu, seli mfu huzidisha alama za uongo, haziifuti CD4. Inayoikata ni kimeng'enya kama tripsini. Mwani, wengu ulipitishwa kwenye chujio la mikromita 70 tu, au walitia kimeng'enya? Na panya walifanywa nini kabla?

Mwani_Paje: Chujio tu. Panya wazima, hawana maradhi.

Bi_Kizimkazi: Sikuuliza maradhi, mwanangu. Walidungwa nini?

Mwani_Paje: GK1.5 isiyo na rangi, mikrogramu 200 tumboni, siku tatu kabla, ili CD4 ziondoke. Nimeshaandika kwamba zimeondoka 99%. Nilitaka tu hakika kuwa rangi ilikuwa nzima.

Pweza_Kavu: Hii imetungwa. Unguja panya hao na mashine hiyo umevipata wapi? Na hesabu imekaa sawa mno: 22 toa 11, inabaki 11.

Mwani_Paje: Panya na mashine viko Uholanzi kwa msimamizi wangu. Mie nimeletewa mafaili. Wallahi situngi.

Kisonge: Imetungwa au haikutungwa, hiyo 11% iliyobaki ndiyo jibu. Kwenye wengu, seli za CD3 zisizo na CD4 wala CD8 huwa chache sana. GK1.5 waliyodungwa bado imeikalia CD4, ya rangi haipati pa kushika. Usinunue RM4-5, kloni nyingine ya CD4, nayo huzuiwa. Chukua RM4-4, hushika sehemu nyingine.

Mwani_Paje: Lakini nyingi si zimeondoka kweli? Kuandika upya sasa...

Bi_Kizimkazi: Ngapi? Mafaili yako hayasemi. Wachukue seli za panya asiyedungwa, waziloweke kwenye GK1.5 isiyo na rangi, kisha RM4-4. Iking'aa, kipimo kinafaa. Mrija mwengine, wa seli za panya waliodungwa, watie kingamwili inayonasa IgG2b ya panya buku, aina ya kingamwili ambayo GK1.5 ni mojawapo, ionyeshe seli zilizovikwa GK1.5. Mrija huo usitiwe 2.4G2: nayo ni IgG2b ya panya buku, itang'aa kila penye kipokezi cha Fc.

Mkarafuu: Na DAPI wasiiache.

Mwani_Paje: Nimewaandikia. Seli zilizobaki wamezigandisha, zitafaa?

Bi_Kizimkazi: Kwa RM4-4 zitafaa, mradi ziligandishwa hai ndani ya DMSO, dawa inayokinga seli kwenye barafu, hazikupitishwa formalini. Ile 99% ifute leo.