Re: Draper kampiga Alcaraz!! (na swali la leseni ya TV)

Mama Wawili, Luton

Wadau habari za wikendi hii ya Juni 2024. Jamani Alhamisi mliona?? Mimi tenisi sikuwahi kuwa na habari nayo, ila nilikuwa shifti ya mchana kule kwenye nyumba ya wazee na TV ya sebuleni ilikuwa kwenye Queen's, mashindano ya tenisi ya nyasi ya London, tangu wamalize kula, viti vyote vimegeuzwa, kijana wao Mwingereza Jack Draper wa miaka 22 anacheza na Alcaraz, yule Mhispania aliyetoka kubeba kombe la Ufaransa juzijuzi tu hapa Juni hiihii, bingwa wa Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya hapa Uingereza, namba mbili duniani. Nikasema moyoni mtoto wa watu leo anakwenda kuaibishwa nyumbani kwao. Seti ya kwanza wakafika tai-breki, zile pointi za kuamua seti ikiwa 6-6, Draper kaichukua 7-3, kuna mzee mmoja ambaye kila siku tunabembelezana naye ale, huyo akaanza kugonga kijiko kwenye trei ko ko ko kila pointi, seti ya pili 6-3 mchezo umeisha, vifijo mpaka meneja katoka ofisini kuuliza nani kaanguka. Na siku hiyohiyo England wametoka 1-1 na Denmark kwenye Euro, kesho yake hakuna aliyeutaja mpira, ni Draper tu.

Sasa shida yangu. Wimbledon inaanza tarehe 1 Julai na nataka kumfuatilia. Kwangu sina TV, naangalia kwa simu. Jirani yangu wa chumba cha pili anasema simu haihitaji leseni ya TV, ile ada ya kila mwaka ya hapa Uingereza, mimi sina imani naye maana barua za leseni zimeshakuja mbili, hazina jina, zimeandikiwa tu mkaaji wa hapa. Nizitupe au? Na kuna aliyewahi kuingia Wimbledon kwenyewe bila kuuza figo?

Mjomba, Barking

Mama Wawili usizitupe. Na jirani asikupotoshe, simu, laptopu, tableti, vyote sawa. Sheria ya hapa haiangalii kifaa, inaangalia unachotazama: kipindi chochote kinachorushwa laivu, chaneli yoyote ile, unatakiwa uwe na leseni, na BBC iPlayer, yaani programu ya BBC ya kutazamia mtandaoni, ni lazima hata ukiangalia marudio ya wiki iliyopita. Bei ya mwaka huu wa 2024 ni paundi 169.50, unaweza kulipa kidogokidogo kwa mwezi. Ukikamatwa huna faini inafika mpaka paundi 1,000 na unapelekwa mahakamani, kwa mtu ambaye ana maombi ya makaratasi Home Office, watu wa uhamiaji, hiyo siyo kesi ya kuitafuta.

Angalia pia mkataba wako wa nyumba. Kama mmesaini mkataba mmoja wote pamoja basi leseni moja inawatosha, mchangiane. Kama kila mtu ana mkataba wake wa chumba na anaangalia chumbani kwake, kila mmoja na yake. Na kama kweli huangalii laivu wala iPlayer, unaangalia YouTube na Netflix zako za kawaida tu, ingia kwenye tovuti ya watu wa leseni uwaambie huhitaji, barua zitapungua. Mtu wao akija mlangoni hawezi kuingia bila wewe kumruhusu au bila kibali cha mahakama, ila usimtukane jamani, naye anatafuta ugali.

Huyo Draper mimi nilimwona tangu wiki ile ya mashindano ya Stuttgart, Ujerumani, alipomfunga Berrettini fainali, kombe lake la kwanza. Mkono wake wa kushoto ni balaa.

Dada wa Mombasa, Wandsworth

Wimbledon mimi naenda kwa foleni, ile ya tiketi za siku hiyohiyo, na si mchezo lakini inawezekana!! Shuka stesheni ya Southfields, treni ya District line, usishuke Wimbledon yenyewe utatembea mpaka ujute. Utaona watu wanaelekea bustani ya Wimbledon Park, fuata. Ukifika unapewa kadi yenye namba, hiyo kadi ni roho yako, usiipoteze na usimpe mtu, kila mtu anakata tiketi yake mwenyewe. Watu wanalala hapo na tenti ndogo za watu wawili, alfajiri wasimamizi wanapita kuwaamsha mfunge virago. Wakati wa kununua uwe na kadi ya benki.

Hizi tiketi za viwanja vikubwa kwenye foleni ni kama 500 kwa kila kiwanja kwa siku, hizo ni za waliolala. Wewe mwenye watoto chukua ya kuingia tu, mwaka huu wa 2024 ni paundi 30, unaona viwanja vidogo karibu kabisa, mpira unausikia ukivuma, halafu mchana mnapanda kile kilima wanakiita Henman Hill mnaangalia skrini kubwa. Draper akicheza Centre Court, kiwanja kikuu, raha iko kilimani, kule ndani watu wanapiga makofi kwa adabu sana. Jioni watu wakishaanza kuondoka tiketi ya kuingia inashuka bei. Na chakula unaruhusiwa kubeba chako! Mimi nabeba viazi karai na chapati, maana stroberi za mle ndani hazimshibishi mtu.

Kaka, Leeds

Poleni kwa kuwamwagia maji ila Ijumaa si Draper ametolewa Queen's hiyohiyo na Mmarekani Tommy Paul, seti tatu, sherehe haikumaliza hata masaa ishirini na nne 😂 Lakini sibishi, kumpiga Alcaraz kwenye nyasi siyo bahati.

Ninachotaka kusema, watoto wetu wasije wakadhani ni kipaji tu. Mama yake Draper alikuwa mchezaji mzuri enzi za ujana, baba yake aliwahi kuwa mkuu wa LTA, chama chao cha tenisi. Kijana kalelewa kiwanjani. Sisi huku wabeba boksi nani atalipa kocha wa kila wiki? Ila LTA wana mazoezi ya bure kwenye viwanja vya mabustani ya halmashauri, wikendi, raketi wanakupa wenyewe, familia nzima mnaruhusiwa. Ingia tovuti yao weka postikodi yako utaona la karibu. Wangu wanaenda, mkubwa anapiga mpira mpaka barabarani lakini anafurahi.

Mama Wawili, Luton

Asanteni sana, Mjomba shikamoo tena. Nimecheki mkataba, ni wa pamoja, jirani nimemwambia nusu yake ni paundi 84.75 akanyamaza kama hajasikia. Dada wa Mombasa, nina off Jumatano ya wiki ya kwanza, ukienda foleni nistue inbox, chapati ntaleta mimi.