Mabeilifu (madalali wa mahakama) wa kodi ya kaunsili wamemsainisha mama yangu wa miaka 71 karatasi asiyoijua. Hili sitalinyamazia!

Wakuu salaam, na wakubwa wote shikamooni. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Mlioko huku Uingereza, na nyie wenye ndugu huku, naombeni msome mpaka mwisho hata kama hamjawahi kudaiwa hata senti.

Nianze na deni lenyewe, asije mtu akasema nilikuwa nakwepa kodi. Sikatai, nilidaiwa. Kwa wale wa nyumbani wasioijua, huku kwa kawaida wanaoishi kwenye nyumba, hata wapangaji, wanailipa halmashauri ya mji wao, ndiyo kaunsili, kodi ya makazi. Ndiyo hela ya kuzoa taka, barabara, polisi, kuhudumia wazee. Yetu ilikuwa pauni 1,620 kwa mwaka 2023/24, jina langu na la mke wangu, awamu 10 za pauni 162. Kuanzia Aprili mpaka Septemba nimelipa zote sita bila kukosa. Oktoba ghala ninapofanya kazi wakapunguza zamu, mshahara ukaja nusu. Nikakosa awamu moja. Ikaja barua ya kukumbushwa, siku 7 niwe nimelipa. Nikalipa 80, nikasema zilizobaki nitazimalizia mwezi ukiisha.

Hapo ndipo nilipojifunga kamba shingoni bila kujua. Ukishindwa kumaliza ile awamu ndani ya siku 7 za kwenye barua, zikipita 7 nyingine haki yako ya kulipa kidogo kidogo imekufa. Wanadai mwaka mzima uliobaki kwa mkupuo. Mimi niliyeshindwa kupata pauni 82 nikatakiwa nitoe 568 mara moja. Naombeni mtu mwenye akili timamu anieleze hiyo ni hesabu ya wapi. Umemwona mtu kashindwa kubeba ndoo, unamtwika pipa!

Desemba ikaja samansi ya mahakama, na juu yake wameongeza gharama zao pauni 95. Nikapiga simu kaunsili. Dada aliyepokea akaniambia si lazima niende mahakamani, ni utaratibu tu. Nikamwomba nilipe 110 kila mwezi mpaka liishe. Akasema subiri uamuzi kwanza. Nikasubiri kama mtoto mtiifu. Baadaye nikaja kujua kwamba kesi hizi hakimu hupitishiwa majina mengi kwa wakati mmoja, hata mamia, na amri inatoka. Hakuna aliyesoma kwamba huyu mtu kalipa miezi sita mfululizo na ameomba apangiwe.

Na kaunsili ikishapata ile amri ina njia zaidi ya moja. Sheria inairuhusu imwandikie mwajiri wangu akate kwenye mshahara moja kwa moja. Nina kazi, nina payslipu, wangekata na deni lingekuwa limeshaanza kuisha. Hawakufanya hivyo. Februari wakachukua jina langu wakalikabidhi kwa kampuni ya mabeilifu, wale ambao sisi Tanzania tunawaita madalali wa mahakama.

Sasa sikilizeni bei zao. Ada hizi ziliwekwa na kanuni za mwaka 2014, na mwaka ule wa 2024 ndizo walizonitoza. Faili likifika tu mezani kwao, pauni 75. Beilifu akifika mlangoni kwako mara ya kwanza, umfungulie usimfungulie, pauni 235. Deni likizidi 1,500 kulikuwa na asilimia 7.5 ya ile ziada. Wakifikia kuchukua vitu wakauze, 110 nyingine. Kwa hiyo mimi 568 yangu ikawa 663 mahakamani, ikawa 738 kwenye barua yao, ikawa 973 siku aliyogonga. Pauni 405 zimeongezeka, na hakuna hata moja inayokwenda kuzoa taka.

Barua yao ilinipa siku 7. Nilipiga simu kwao mara tatu. Ya tatu nilikaa kwenye foleni ya simu dakika 40, nikiwa nimesimama nje ya ghala wakati wa mapumziko, muziki wao unalia sikioni, kengele ya kurudi kazini ikapigwa nikakata. Hiyo ndiyo nafasi niliyopata ya kujieleza.

Nije kwenye linaloniuma.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Ana miaka 71. Kiingereza chake ni "thank you" na "good morning". Siku hiyo mke wangu alishatoka saa 11 alfajiri kwenda kufanya usafi maofisini, mimi nilikuwa bado sijarudi zamu ya usiku. Saa moja na dakika kumi asubuhi mlango unagongwa. Sasa niambieni, mama wa Kitanga akisikia hodi atafanya nini? Alifungua. Akamwona mtu mzima, amevaa vizuri, ana kitambulisho shingoni na kamera kifuani inawaka taa nyekundu. Akajua ni mtu wa hospitali. Akasema, "Karibu baba, karibu ndani." Akaenda jikoni kubandika chai.

Wakati mama anabandika chai, yule bwana anazunguka sebuleni kwangu anaandika.

Nilifika saa mbili na kitu. Nikamkuta amekaa kwenye sofa, kanga begani, karatasi ameishika kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mwanangu, mgeni wako alikuja, kaacha barua. Chai hakunywa."

Nikaichukua. Orodha kwa mwandiko wa kalamu: televisheni, sofa mbili, maikrowevu, cherehani. Cherehani ya mke wangu, ambayo ndiyo anayoshonea nguo za watu jioni tupate hela ya kuongezea kwenye kodi ya pango! Chini kabisa kuna saini. Jina la kwanza la mama yangu, herufi zimelalia upande mmoja, vilevile anavyoandika tangu alipojifunza kwenye elimu ya watu wazima. Alisaini kwa sababu alionyeshwa pa kusaini. Alidhani amepokea mzigo.

Ile karatasi maana yake ni kwamba vitu vile vimewekwa chini yao, tunaachiwa tuvitumie mradi tunalipa kwa ratiba yao, na tukikosa wanaruhusiwa kurudi na safari hiyo kuvunja kitasa waingie. Mama yangu ndiye aliyewekewa mzigo huo, kwenye nyumba isiyo yake, kwa deni lisilo lake, kwa lugha asiyoijua.

Niliwapigia. Wakaniambia "alitukaribisha mwenyewe". Nilitetemeka wakuu. Ukarimu wa mama yangu umegeuzwa kibali!

Wiki ile sikulala vizuri, nilikaa nasoma. Mshauri wa Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri bure, Mungu ambariki, alikaa na mimi saa nzima bila kunitoza chochote, akanionyesha vifungu. Nawaandikia niliyoyapata kwa sababu laiti ningeyajua Februari tusingefika hapa. Haya ni ya England, Scotland wana utaratibu wao.

Kwa deni la kodi ya kaunsili, beilifu akija mara ya kwanza hana ruhusa ya kuvunja wala kukusukuma apite. Anaingia kwa njia ya kawaida na kwa amani, basi. Usipomfungulia haingii. Lakini mlango ukiwa haujafungwa kwa ufunguo akausukuma akaingia, hiyo wanaihesabu ni amani. Kwa hiyo mlango ufungwe muda wote, zungumza naye kwa dirishani au kwa kupitia tundu la barua, mwambie apitishe karatasi zake hapo. Saa zake ni kuanzia 12 asubuhi mpaka 3 usiku. Gari likiwa nje anaweza kulifunga mnyororo bila kuingia ndani, hilo ndilo wanalopenda zaidi maana halihitaji mlango, kwa hiyo wenye magari mliangalie mapema linalala wapi.

Akikuta ndani kuna mtoto peke yake, au mtu asiyejiweza peke yake, anatakiwa aondoke. Na miongozo ya serikali yenyewe ya mwaka 2014, inayowahusu mabeilifu, inapotaja watu wa kuangaliwa kwa uangalifu imetaja wazee, na imetaja watu wanaoonekana wazi hawaelewi Kiingereza. Mama yangu ni vyote viwili! Kamera ilikuwa inawaka, itakuwa imemrekodi akimjibu Kiswahili kila alichoulizwa. Tena karatasi ile ni mkataba, unasainiwa na mdaiwa, au mtu mzima aliyeruhusiwa na mdaiwa. Mama hadaiwi na hakuna aliyemruhusu. Na cherehani ni kitendea kazi, vitendea kazi vya mdaiwa mpaka thamani ya pauni 1,350 havitakiwi kuguswa, kama vile jiko, friji, mashine ya kufulia na vitanda vya watu wanaoishi humo.

Nikaandika malalamiko kaunsili, kurasa mbili, nikaambatanisha picha ya karatasi. Jibu limekuja wiki iliyopita na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Wameandika kwamba mabeilifu ni "kampuni inayojitegemea" na kwamba niwasiliane nao. Yaani aliyemtuma mbwa anasema mbwa ana miguu yake. Ni uongo ulioandikwa kwenye karatasi yenye nembo. Kaunsili ndiyo yenye deni, ndiyo iliyowatuma, na mbele ya Ombudsman wa serikali za mitaa, yaani mchunguzi huru wa malalamiko, kaunsili ndiyo inayowajibika kwa alichofanya mtu wake. Nimeshawajibu hivyo hivyo, hatua ya pili ya malalamiko, na nimetaka video ya ile kamera. Wakinikatalia naenda kwa Ombudsman, ni bure.

Na kuna vijana humu najua wanateseka kimya kimya kwa sababu ya maneno ya mtaani, hivyo nijibu machache. Beilifu hawezi kukufunga wala kukukamata. Huku England mahakama ndiyo yenye uwezo wa kumfunga mtu mpaka miezi 3 kwa kodi hii, na lazima kwanza ichunguze ijiridhishe kwamba alikataa kwa makusudi au alizembea. Wales walishaifuta kabisa adhabu hiyo mwaka 2019. Beilifu pia si mtu wa uhamiaji, usimfungulie kwa woga wa viza. Ila wenye viza iliyoandikwa huna haki ya fedha za umma, angalieni: punguzo la kodi la wenye kipato kidogo linahesabiwa kuwa fedha za umma, msiliombe kabla ya kuuliza. Punguzo la asilimia 25 la mtu anayeishi peke yake halihesabiwi, hilo ni haki yako, dai. Na wewe uliyepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya kuchangia, kila mtu na mkataba wake na mwenye nyumba, kwa kawaida kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Nimeona watu wanatozwa mara mbili na Waswahili wenzetu waliokodisha nyumba wakagawa vyumba. Aibu kubwa.

Pia kuna utaratibu ulioanza Mei 2021 wa kukupa nafasi ya kupumua, siku 60 wadai wengi wanasimama, mabeilifu wa kodi hii wakiwemo. Unaombewa na mshauri wa madeni, huwezi kujiombea mwenyewe. Mimi sikuambiwa na mtu yeyote, si kaunsili, si mahakama, si kampuni.

Nilipomweleza mama ukweli wa yule mgeni alinyamaza muda mrefu. Kisha akasimulia enzi za mgambo kule kwetu, walivyokuwa wakiwavizia wanaume alfajiri kwa ajili ya kodi ya kichwa, babu yetu mdogo akilala shambani ili asikutwe kitandani. Kodi ile Tanzania ilifutwa mwaka 2003. Akauliza, "Kumbe na huku wanakuja alfajiri?" Sikuwa na jibu.

Ramadhani iliingia wiki chache baadaye. Jirani yetu, mama mmoja wa Kisomali, akawa anatuletea sambusa kila jioni, anagonga taratibu. Mama yangu, ambaye nyumbani Tanga mlango wake haufungwi mpaka usiku, alikuwa akisikia mlango anazima taa ya sebuleni anakwenda kusimama jikoni, kimya, mpaka nimwambie ni nani. Alikaa hivyo mpaka siku ya kupanda ndege.

Pauni 235 zile sizilipi. Za kaunsili zenyewe nimeanza kuwatumia wao moja kwa moja kwenye akaunti yao, 110 kila mwezi, natunza kila risiti. Aliyewahi kufikisha kesi ya namna hii kwa Ombudsman aniambie walimchukua muda gani, na kama aliipata ile video au walisema imefutika. Na kama kuna mtu humu anayeweza kutafsiri maelezo ya mama yangu kwa Kiingereza cha kisheria, aje PM. Yako tayari, ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu.