Rais akiruhusiwa kuiweka sheria kando, kadogo atalindwa na nani?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili, maana linatugusa sisi wasema Kiswahili moja kwa moja.

Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria: serikali inayotumia watoto jeshini isipewe misaada ya kijeshi. Lakini waliacha mlango. Rais akiona maslahi ya taifa lake yanadai hivyo, anaweza kuisamehe nchi yoyote. Oktoba 2010, sheria ilipotakiwa kuuma kwa mara ya kwanza, Obama alizisamehe nchi nne: Chad, Sudan, Yemen na Kongo ya Kinshasa.

Mtoto wa namna hiyo Kongo ana jina: kadogo. Mei 1997 waliingia Kinshasa na jeshi la Laurent Kabila, gambuti miguuni, bunduki begani, wakisema Kiswahili katika mji wa Kilingala. Neno la kumbembelezea mtoto likawa jina la askari. Hili huwa linaniuma.

Wanaotetea msamaha husema jeshi ukilisusa halijirekebishi, bora ulifundishe. Hoja hiyo siibezi. Ila tazameni Kisangani: mwaka 2010 Wamarekani walikifundisha huko kikosi cha 391 cha jeshi la Kongo. Novemba 2012, jeshi likirudi nyuma baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma, mji wa mashariki ya Kongo, wanawake na wasichana walibakwa katika mji mdogo wa Minova, na Umoja wa Mataifa ukakitaja kikosi hichohicho miongoni mwa vilivyohusika. Mafunzo peke yake yalizuia nini?

Mimi naona kilichosaidia ni kubana. Mwaka 2011 Kongo haikusamehewa yote. Sehemu ya misaada ilizuiwa. Oktoba 2012 Kinshasa ikatia saini na Umoja wa Mataifa mpango wa kuwatoa watoto jeshini. Sisemi ni sababu pekee, lakini shinikizo lilikuwepo. Mwaka 2013 Rwanda nayo, kwa kuhusishwa na M23 waliotumia watoto, iliwekewa vikwazo chini ya sheria hiyohiyo. Kumbe meno yapo.

Kwa hiyo sitaki rais anyang'anywe uwezo huo. Nataka kila msamaha uwe na masharti yaliyoandikwa, na Bunge lao liupigie kura. Anayeona usalama wa taifa unamtaka rais aamue peke yake, anijibu hili: nchi ikisamehewa mwaka hadi mwaka bila sharti, kamanda mwenye kadogo kambini atamrudisha kwao kwa sababu gani?